Tarakimu ya Mwisho

Geneva, 12 Oktoba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ningekupigia simu kama usingeikata kwa madai kwamba ni kelele ya kulipia. Basi vumilia mwandiko wangu.

Kifurushi ulichopokea pamoja na barua hii kina saa ya kiwanda chenu, Corvelle. Usiiweke karibu na jamu. Imeletwa hapa mnadani na mjane mmoja wa Vernamont, kule Valais, anaitwa Bi Ottilie Lattion. Marehemu mumewe, Anselme, alikuwa rubani wa ndege ndogo, mmoja wa wale wanaotua juu ya barafu milimani kuokoa watu. Alimwambia mkewe kwamba saa hii hakuinunua. Kiwanda chenu kilitengeneza chache mno kwa ajili ya marubani wa kazi hiyo, naye akapewa moja baada ya kuwashusha wapanda milima waliokwama. Mjane huyo anataka habari hiyo ichapishwe kwenye kijitabu cha mnada, na jina la Anselme juu yake. Nadhani hilo la jina analitaka kuliko hata mauzo yenyewe.

Shida ni namba ya modeli. Ndani ya mfuniko imelika kwa jasho, na fundi mmoja huko nyuma aliisugua bila huruma. 263 inasomeka. Tarakimu ya mwisho, mtaalamu wetu Bwana Fatio anasema ni 3. Mimi nasema ni 8. Na sote wawili hatujui tofauti yake ni nini, maana kiwanda kilipofungwa makaratasi yote yalikwenda jalalani. Nikasimama mbele ya ofisi nzima nikasema, "Baba yangu alikaa kwenye ghala la vipuri la Corvelle tangu hajaota ndevu. Mpeni saa, atawaambia hata mkunga aliyeizalisha." Wakacheka, lakini wamekubali, kama walivyokubali mara zile nyingine. Usiniaibishe.

Miwani mpya umechukua?

Binti yako,
Gentiane


Saint-Imier, 19 Oktoba 1986

Gentiane,

Marahaba. Saa ilifika salama, na nairudisha kwa posta ileile.

Mweleze Bwana Fatio pole pole, asije akachanganyikiwa. 26 ni umbo la kasha. 3 inayofuata ni mashine iliyomo. Tarakimu ya mwisho ni mteja: 1 ni saa za kike, 3 ni za maduka, 5 za watu wa reli, 8 za marubani. Za marubani zilikuwa chache kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nazifunga kwenye karatasi moja moja. 2633 tuliziuza kama mkate. Hakuna kijana wa bonde hili aliyepata kipaimara bila 2633 mkononi.

Hii yako ni 2633. Nimeikagua kwa lenzi. Iko alama nyingine ambayo za marubani zilikuwa nayo, na mimi najua pa kuitafuta. Sikuiona.

Kwa hiyo Bwana Fatio alisoma sawasawa, ingawa ni mtu wa Geneva. Wewe ulisoma kwa moyo. Namba hazisomwi kwa moyo.

Miwani niliyonayo inatosha. Mwisho wa mwezi usije, wanapaka rangi ngazi na harufu yake itakuumiza kichwa.

Baba yako,
Numa Gagnebin


Geneva, 6 Novemba 1986

Baba,

Shikamoo. Nimeahirisha kuandika barua hii kwa sababu sikujua niianzeje.

Bi Lattion alikuja. Ni mama mfupi, mnyoofu, amevaa koti la kanisani. Bwana Fatio alimkaribisha kahawa, akamwambia, "Ni saa nzuri, mama. Saa ya dukani, lakini nzuri."

"Ya dukani?"

"Tumeuliza Saint-Imier kwenyewe."

Akakiweka kikombe mezani. "Huyo wa Saint-Imier anaijua kazi yake?"

Bwana Fatio akanitazama mimi. Nikasema, "Anaijua, mama. Ni baba yangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. "Basi Anselme kanidanganya maisha mazima. Kila Krismasi hadithi ileile, wageni wote kimya, mimi namjazia glasi." Kisha akauliza, na bado swali lake naliota: "Na hiyo barafu je? Nayo aliinunua dukani?"

Hakulia. Alisema saa iuzwe na zile za kawaida, jina lisiandikwe, akaondoka.

Jana alipiga simu kuuliza tarehe ya mnada. Mimi ndiye niliyepokea. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba Siku ya Watakatifu Wote hakwenda kaburini. Makaburi yote ya Vernamont yalijaa maua ya krisantemu, la Anselme likabaki jiwe tupu. Na watu walipomuuliza baada ya misa, aliingia mkahawani akawaambia wote kwamba shujaa wao alikuwa mwongo. Alivyokuwa anazungumza, Baba, ni kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi.

Sikufundishi kazi. Lakini una hakika? Mistari ya barua yako inateremka kama ng'ombe wanaoshuka toka malishoni.

Gentiane


Saint-Imier, 13 Novemba 1986

Gentiane,

Tangu lini wewe unanikagua mimi? Nimeshika saa za Corvelle kabla mama yako hajanipa hata salamu. Mistari imepinda kwa sababu meza imepinda.

Na huyo mama mwambie kwamba mtu anaweza kununua saa dukani na bado akatua kwenye barafu. Hayo ni mambo mawili. Ndege haiulizi rubani amevaa saa gani.

Kweli alisema hivyo, kuhusu barafu? Na hakuna ndugu, hakuna jirani, hata mtu mmoja aliyeweka ua?

Mnada ni lini? Nijibu hilo upesi. Mengine acha.

Baba yako,
N. G.


Saint-Imier, 20 Novemba 1986

Mwanangu Gentiane,

Ni mimi Bluette wa ghorofa ya chini. Baba yako akijua nimekuandikia atanifungia mlango, na supu yangu sijui atainywa nani.

Haoni. Nakuambia hivyo hivyo maana sina lugha nyingine. Katikati ya macho yake pamekufa, pembeni tu ndipo pamebaki. Daktari wa macho kule Bienne alimwambia mwezi wa tano kwamba hakuna dawa. Mimi, kwa kuwa uso hauoni, ananitambua kwa masikio yangu na kwa harufu ya kitunguu, ndivyo asemavyo, mshenzi yule. Barua zako nasoma mimi. Alinidanganya kwamba miwani imevunjika, nami nikajifanya nimeamini, na miwani yenyewe iko puani kwake. Majibu anaandika mwenyewe, ameweka rula chini ya mkono, na rula inateleza.

Siku ile saa ilipokuja hakuniita. Kusomewa barua anakubali, lakini saa ndiyo fahari yake. Nilimkuta mezani na lenzi jichoni, jasho linamtoka na jiko halijawashwa. Alikuwa anaipapasa ndani ya mfuniko kwa ukucha. "Unatafuta nini?" nikamuuliza. "Nimeshakipata," akasema. Alipokwenda kutafuta kamba ya kifurushi niliinama nikachungulia. Mimi mmbeya, unanijua.

Ile barua yako ya mjane alinisomesha mara tatu. Juzi nikiwa namenya viazi akaniambia, "Bluette, siku ile uliichungulia ile saa."

"Mimi? Nichungulie nini?"

"Ulichungulia. Nilisikia goti lako likilia. Baada ya namba ulikuta kitu?"

"Uchafu wa nzi tu," nikamwambia. "Kidoa kimoja, pale pale namba inapoishia."

Akaenda kulala bila kula. Asubuhi yake nilimbana mpaka akaeleza. Saa za marubani, namba zake ziliishia kwa nukta. Na nukta hiyo, mwanangu, hakuna mashine iliyoipiga. Aliigonga yeye kwa nyundo ndogo, saa moja moja, alipokuwa kijana. Hakuiona kazi ya mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo chakula anakisukumasukuma. Sasa fanya unavyojua. Umbeya wangu umeishia hapa.

Bluette Liengme


Geneva, 24 Novemba 1986

Baba,

Shikamoo. Usimkasirikie Bi Bluette. Kama anakusomea barua hii, namwomba asiruke neno hata moja, hata atakapoona haya.

Nukta ipo. Niliifungua saa asubuhi kabla wenzangu hawajafika. Ukiigeuzia dirishani unaiona, duara safi, na ukishaiona unashangaa ulidhanije ni uchafu. Na ile tarakimu ni 8.

Nikaufunga mfuniko nikafikiri kunyamaza. Nakueleza ili usidhani aibu ni ya kwako tu. Nilijiambia: jina halimo kwenye kijitabu, saa itauzwa kama ya dukani, Bi Lattion ameshawaambia kijiji kizima, nani atajua? Nilikaa na wazo hilo mpaka chakula cha mchana, na nilikula vizuri. Kilichonitoa humo si wema. Simu ya ofisini ililia, nikaogopa kuipokea, nikidhani ni yeye. Nikaona kwamba nitaogopa simu mpaka nistaafu.

Nikamwambia Bwana Fatio. Hakupandisha sauti. Alichukua kalamu akaifuta saa kwenye orodha ya mnada, kisha akauliza, "Baba yako ametutazamia ngapi nyingine?" Ofisi nzima ikawa inaandika, na hakuna aliyekuwa anaandika kitu. Ni watu walewale niliojigamba mbele yao. Nahitaji jibu lako kwa swali hilo.

Lipo jingine. Pasaka, nilipokuja, ulimimina mvinyo kando ya glasi yangu. Ukamimina mpaka ukaona umetosha. Nilifuta kwa kitambaa nikaendelea kuongea habari za hali ya hewa. Nilijua, Baba. Nilijua pale pale. Lakini nikikiri kwamba huoni ningelazimika kuacha kazi nirudi Saint-Imier, au nikuondoe kwenye nyumba yako, na sikutaka hata moja. Nikapanda treni. Halafu mwezi wa kumi, mimi niliyejua, nikakutumia saa ile.

Nitamwandikia Bi Lattion leo jioni.

Gentiane


Saint-Imier, 27 Novemba 1986

Gentiane,

Naandika kwa herufi kubwa, sina sababu tena ya kuzibana.

Kwanza, jibu la Bwana Fatio. Zile zilizokuja kiangazi, mbili, zikaguliwe upya. Zote za kabla ya Pasaka niliziona kwa macho, azitegemee. Mwambie samahani naitoa mimi, wewe usimwombe.

Pili. Nilipoifungua saa ile niliona ukungu, na kando ya ukungu chuma kinang'aa. Ningeandika "sioni" ingekuwa neno moja. Nikaandika "sikuiona", nikajisifu moyoni kwamba sijasema uongo. Nimelitafuta neno hilo kwa makusudi. Ujue hivyo.

Nikachagua 3 kwa sababu za dukani zilikuwa nyingi, na nikiotea zilizo nyingi nina nafasi ya kupatia. Nimebahatisha jina la mtu kama anayecheza karata.

Tatu. Mvinyo ule wa Pasaka nilijua umemwagika. Nilikusikia ukifuta. Nilishukuru ulivyonyamaza, na nikakunyamazia. Kurudi kwako tutazungumza baadaye, na hutaacha kazi.

Kwa Bi Lattion usiandike. Mwenye maneno haya ni mimi, na ana haki ya kumwona anayeyasema. Wamrudishie saa yake. Mimi nitakwenda.

Baba


Saint-Imier, 9 Desemba 1986

Gentiane mwanangu,

Huu ni mwandiko wa Bluette, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze chake.

(Ameniambia. B.)

Tulikwenda Jumamosi. Bluette aling'ang'ania kuja, na ni vizuri, maana huko Lausanne kubadilisha treni ningeishia Italia. Vernamont kulikuwa na theluji. Saa walikuwa wamekwisha kumrudishia mwenyewe. Alifungua mlango, akasimama mbele yangu. Nilimwona mabega tu.

"Wewe ndiye wa Saint-Imier," akasema.

"Ndiye."

"Ingia, unaniingizia baridi."

Jikoni hakutukaribisha kukaa, na mimi nisingekaa. Nikamwambia nilivyokuwa nimejipanga njia nzima: "Mumeo hakukudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Namba sikuweza kuiona, nikaitaja. Saa yake ni ya marubani, na alama iliyomo niliigonga kwa mkono huu." Nikauinua mkono kama mjinga, sijui kwa nini.

Birika lilianza kuchemka, akaenda akaliondoa. Halafu akasema, "Mimi yangu sikuyasema jikoni. Niliyasema mkahawani. Na wewe utayasema huko huko."

(Alipauka kama maziwa. Nilimwambia tunaweza kurudi. Akaniambia nifunge mdomo. B.)

Mkahawa wao uko chini ya kanisa. Tulipoingia karata zilisimama. Bi Lattion hakunitambulisha, alikaa tu karibu na mlango. Nikauliza kama wanaume waliokuwapo walimjua Anselme Lattion. Mmoja akasema, "Tulimjua, kwani wewe nani?" Nikawaambia mimi ni Numa Gagnebin, nilifanya kazi Corvelle, na ni kipofu niliyejifanya naona, na kwa kujifanya huko nimemfanya marehemu kuwa mwongo mbele yenu. Nikasema yote, hata la kubahatisha. Nilidhani nitaona afueni nikimaliza. Sikuiona. Nilisimama pale na kofia mkononi nikisikia friji ya bia ikinguruma.

Kisha mzee mmoja akaweka karata zake mezani. Anaitwa Théodule, alikuwa fundi wa ndege ya Anselme. "Tulijua hakudanganya, mzee," akasema. "Na mimi nilipewa saa yangu siku aliyopewa yake. Iko kabatini, kioo kimepasuka."

Nikasikia kiti cha Bi Lattion kikisogea. "Ulijua? Ukakaa hapo ukinisikia namtukana?"

"Hukuniuliza, Ottilie."

"Kwani mpaka uulizwe?"

"Uliingia, ukatuambia, ukatoka. Mlango uliubamiza mpaka picha ikaanguka. Nilisema moyoni, yeye ndiye mkewe, huenda ana sababu nyingine za kumkasirikia ambazo si zangu. Mtu hajiingizi kati ya mwanamke na maiti yake."

Mwenye mkahawa alitumiminia mvinyo mweupe, kila mtu, bila kuagizwa. Wangu niliupapasa mezani mpaka nikaupata, na hakuna aliyecheka. Théodule alinieleza habari za kutua kule juu, jinsi Anselme alivyokuwa anasoma upepo kwa moshi, na jinsi siku ile walivyoruka mara tatu kwa sababu ndege haikuweza kubeba wote. Alikuwa ananieleza mimi, lakini sauti aliielekeza mlangoni.

Wakati wa treni Bi Lattion alitusindikiza. Njia ilikuwa inateleza. Bluette alinishika mkono mmoja, yeye akaja upande wa pili akanishika mwingine, na penye ngazi akawa ananiambia, "Shuka," "Moja tena," "Basi." Nikajaribu tena kumwambia kosa langu. Akanikatisha.

"Wewe hukuona," akasema. "Mimi nilikuwa naona. Nimelala kitanda kimoja na mtu yule maisha yangu yote. Nikamwacha kwa tarakimu moja, iliyosemwa na mtu nisiyemjua, kabla kahawa haijapoa. Sikumuuliza Théodule. Sikuuliza mtu yeyote. Nilikuwa tayari, Bwana Gagnebin. Sijui tangu lini, lakini nilikuwa tayari kuambiwa."

"Aliyekuambia ni mimi."

"Ndiyo. Na hilo litabaki kuwa lako, sitakuondolea. Lakini usibebe yote. Sehemu nyingine ni yangu."

Sikumwomba msamaha mara ya pili, naye hakunipa. Kwenye jukwaa la stesheni aliuachia mkono wangu, akamuaga Bluette, akageuka. Bluette anasema hakurudi kwa njia ya nyumbani kwake. Alishika ile ya juu, inayokwenda makaburini, mikono mitupu, maana mwezi huu hakuna ua linalopatikana Vernamont hata kwa dawa. Mimi sikumwona. Nilisikia viatu vyake kwenye theluji, pole pole, vikipanda, mpaka treni ilipoingia.

Baba yako,
Numa

(Hapa mwisho sikuongeza neno. B.)